Jonty Parkin, nahodha aliyejilipia uhamisho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jonty Parkin ni nani hasa?

Jina lake kamili ni Jonathan, ila uwanjani na mitaani alikuwa Jonty tu. Alizaliwa 1894 Sharlston, kijiji cha wachimba makaa ya mawe karibu na mji wa Wakefield, Yorkshire, kaskazini mwa England. Alicheza raga ya wachezaji 13, nafasi ya hafu wa skramu. Aliichezea Wakefield Trinity kuanzia 1913 hadi 1930, akamalizia Hull Kingston Rovers mpaka 1932. Alisafiri na timu ya taifa kwenda Australia na New Zealand mara 3: 1920, 1924 na 1928. Safari 2 za mwisho alikuwa nahodha, na zote 2 timu yake ilimshinda Australia nyumbani kwake. Alifariki 1972.

Hiyo ndiyo kazi yake kwa kifupi. Ila swali linaloletwa kuliko yote ni la pauni 100, na jibu lake liko chini huko. Ukiwa na haraka, ruka moja kwa moja. Usipokuwa nayo, soma ya katikati kwanza, kwa sababu bila hayo zile pauni 100 hazina uzito.

Raga hii ndiyo ile tunayoiona Safari Sevens?

Hapana. Raga inayochezwa Nairobi, Nakuru au Kampala, iwe ya wachezaji 15 au 7, ni tawi moja. Parkin alikuwa wa tawi jingine, na matawi hayo mawili yaliachana kwa ugomvi wa fedha.

Karne ya 19 raga ilikuwa moja. Wakubwa wa chama, wengi wao wa kusini na wa shule za gharama, walishikilia kwamba mchezaji asilipwe hata senti. Kwa mwanasheria au mtoto wa mwenye mali hilo halikuwa tatizo. Kwa mchimba makaa au mfanyakazi wa kiwanda cha nguo lilikuwa tatizo kubwa, maana Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Ukiacha zamu kwenda kucheza, ujira wa siku hiyo umepotea na watoto watakuuliza. Klabu za kaskazini ziliomba ruhusa ya kumfidia mchezaji siku yake, zikanyimwa. Tarehe 29 Agosti 1895 wawakilishi wao walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield wakajitenga. Msimu wa kwanza ulikuwa na klabu 22, Wakefield Trinity ikiwa mojawapo.

Fidia waliyoiruhusu mwanzoni haikuzidi shilingi 6 kwa siku. Mwaka 1898 wakaruhusu malipo ya wazi, lakini kwa sharti kwamba mchezaji awe na kazi nyingine ya kueleweka. Mwaka 1906 wakapunguza timu kutoka wachezaji 15 hadi 13 ili mchezo uwe wa kasi na watu wanunue tiketi. Jina la chama, lililokuwa Northern Union, likabadilishwa 1922 kuwa Rugby Football League. Upande wa pili haukusamehe: aliyekanyaga raga ya 13 alifungiwa maisha kwenye raga ya 15, na adhabu hiyo ilidumu karibu karne nzima.

Kwa hiyo Parkin alipoingia Wakefield 1913 aliingia kwenye mchezo uliozaliwa na madai ya wafanyakazi. Hilo liweke kichwani.

Hafu wa skramu anafanya kazi gani?

Katika raga ya Parkin, kosa dogo kama kuuangusha mpira mbele lilileta skramu. Mafowadi 6 wa upande huu wanainama na kushikana, 6 wa upande ule vilevile, vichwa vinaingiliana, wanasukumana. Hafu ndiye anayeutumbukiza mpira katikati ya miguu ile. Mchezaji wa katikati ya mstari wa mbele anauvuta kwa kisigino, unatoka nyuma, na hafu yule yule amekwisha kuzunguka anaungoja. Hapo ana kama nusu pumzi ya kuamua: aurushe kwa mwenzake wa namba 6, aupige teke nyuma ya mabeki, au aushike mwenyewe na kupenya pembeni ya skramu kabla fowadi wa upinzani hajanyanyua kichwa.

Leo skramu za raga ya 13 zimekuwa za kukamilisha ratiba tu, kila mtu anajua mpira utatoka wapi. Enzi zile zilikuwa vita ya kweli, na katika mechi moja zilikuja nyingi mno. Hafu mjanja aliweza kuiendesha mechi nzima kutokea pale. Alijua mwamuzi amesimama wapi, alijua namna ya kumvuta hafu mwenzake aingie kwenye kosa, na alijua lini aucheleweshe mpira ili mafowadi wake wapumue.

Jambo jingine msomaji wa leo husahau: hapakuwa na hesabu ya kukabwa. Siku hizi timu ikiangushwa mara 6 inatoa mpira. Kikomo cha kwanza, cha mara 4, kilikuja 1966, na kile cha 6 kikaja 1972. Wakati wa Parkin timu ilikaa na mpira mpaka ikosee au iamue kuupiga. Wala hapakuwa na wachezaji wa akiba. Hao walianza kuruhusiwa 1964. Ukivunjika, mliobaki mnaendelea mkiwa 12. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ilikuwa pointi 3 na mkwaju pointi 2, ndiyo maana matokeo ya 5–3 au 6–0 yanajaa kwenye vitabu vya zama hizo. Usiyaone madogo ukadhani watu walilala uwanjani.

Alikuwa analipwa vizuri?

Alilipwa, ila usifikirie mshahara wa mwanasoka wa leo. Klabu zililipa kwa mechi: kuna bei ya kushinda na bei ya kushindwa, na ya kushindwa ilikuwa ndogo zaidi. Usipocheza, hakuna kitu. Wachezaji karibu wote walikuwa na kazi wiki nzima, wengi migodini, na wapo waliotoka zamu ya Jumamosi asubuhi, wakaoga, wakaenda uwanjani mchana.

Kilichozidi hapo ni ziara. Timu ya taifa ilipokwenda Australia, wachezaji walipewa posho ya wiki, na safari ikileta faida walipata sehemu yake. Kwa mtu wa mgodini hizo zilikuwa fedha za kubadilisha nyumba. Mchezaji mwenye njaa ya maisha alijua kwamba kuitwa kwenye ziara ni zaidi ya heshima.

Na mazingira yenyewe yalikuwa magumu. Mwaka 1926 wenye migodi walitaka kupunguza ujira na kuongeza saa za kazi, wachimbaji wakakataa, milango ya migodi ikafungwa kuanzia Mei hadi mwisho wa Novemba. Katika vijiji kama Sharlston miezi ile familia ziliishi kwa jikoni za pamoja na mikopo ya dukani. Mechi ziliendelea. Desemba mwaka huohuo Wakefield walicheza fainali ya Kombe la Yorkshire dhidi ya Huddersfield uwanjani Headingley, Leeds, wakafungwa 10–3.

Vita vya kwanza vya dunia vilimharibia kiasi gani?

Vilimla miaka ambayo hafu huiva. Mashindano rasmi yalisimama baada ya msimu wa 1914–15, na msimu kamili uliofuata ni ule wa 1919–20. Parkin aliingia kwenye mapumziko hayo akiwa na miaka 20, akatoka anakaribia 25. Alicheza mpaka 1932, kwa hiyo fanya hesabu: kazi yote inayozungumzwa hapa aliifanya akiwa mtu mzima, baada ya miaka 4 kutoweka.

Wakefield walishinda makombe mangapi naye?

Kombe moja la kukumbukwa: Kombe la Yorkshire la 1924–25, alipokuwa nahodha. Fainali ilichezwa Headingley tarehe 22 Novemba 1924, Wakefield 9, Batley 8. Mengine ni ile fainali ya 1926 waliyopoteza.

Ubingwa wa ligi hakuupata. Challenge Cup, kombe kubwa la mtoano, hakulichukua. Wakefield walikuwa wamelibeba 1909 kabla yake, wakalibeba tena 1946 baada yake, walipoifunga Wigan 13–12. Huyu ni mtu aliyekuwa anazifundisha timu za Australia adabu kwao, halafu anarudi kwenye klabu ya katikati ya msimamo kucheza kwenye tope. Hali hiyo haikuwa ya ajabu kwa zama zile. Mchezaji alikuwa wa klabu iliyomsajili, na klabu ikikataa kumwachia, hata akiwa nahodha wa taifa, anabaki pale pale. Tutarudi hapo.

Je, alicheza fainali Wembley?

Hapana. Fainali ya Challenge Cup ilipelekwa Wembley kwa mara ya kwanza 1929, Wigan wakaifunga Dewsbury 13–2. Wakefield hawakufika huko mpaka 1946.

Ashes ni kitu gani?

Ni jina la mfululizo wa mechi za kimataifa kati ya Australia na Uingereza, lililoazimwa kutoka kriketi. Kwa kawaida mechi zilikuwa 3, nazo huitwa testi. Mwenye kushinda 2 ndiye mshindi. Upande mmoja ukisafiri, miaka kadhaa baadaye upande mwingine unarudisha ziara.

Hapo ongeza neno moja kuhusu jina la timu. Vitabu vya leo huandika Great Britain, na ndivyo testi za Parkin zinavyohesabiwa, 17 kwa jumla. Lakini wakati wenyewe timu hiyo ilitangazwa mara nyingi kama England, ingawa ndani yake walikuwamo Wawelshi tele, akiwamo mpiga mikwaju wao mkuu, Jim Sullivan. Ukisoma gazeti la zamani la Sydney na kukuta England, ni timu hiyohiyo.

Ziara ya 1920 ilikuwaje?

Hiyo alikwenda kama kijana chini ya Harold Wagstaff wa Huddersfield, nahodha ambaye 1914 alishinda testi ya Sydney akiwa na wachezaji pungufu kwa sababu ya majeraha, mechi ambayo Waingereza wa kaskazini hawajaacha kuisimulia. Safari hii Wagstaff hakubahatika. Australia walishinda 8–4 Brisbane, wakashinda 21–8 Sydney, na Waingereza wakapata ya kufuta machozi, 23–13. New Zealand walifungwa testi zote 3.

Msimu wa 1921–22 Australia walipokuja Uingereza, mambo yaligeuka: Uingereza walishinda 6–5 Leeds, Australia wakashinda 16–2 mjini Hull, halafu Uingereza 6–0 Salford. Parkin alikuwamo. Kutoka siku ile ya Salford, Januari 1922, Australia hawakuishika tena Ashes mpaka 1950. Miaka 28. Kwa Mwaustralia mpenda raga aliyezaliwa 1922, hiyo ni kuzaliwa, kukua, kuoa na kupata watoto bila kuona kombe nyumbani.

Na 1924? Kwa nini watu huitaja sana?

Kwa sababu ndiyo ziara yake ya kwanza akiwa nahodha, na kwa sababu ya testi ya pili.

Fikiria safari yenyewe kwanza. Wachezaji 26, meli, wiki 6 hivi baharini. Watu waliozoea kushuka mgodini wanafanya mazoezi juu ya sitaha, wanakula mara 3 kwa siku na kunenepa, na nahodha anatakiwa kuwafikisha wakiwa bado wanaweza kukimbia. Kila mtu anatoka klabu inayomchukia mwenzake: Hull na Wigan, Leeds na Oldham, Yorkshire na Lancashire. Nahodha ndiye anayewafanya wawe timu, maana zama hizo hapakuwa na kocha kwa maana ya leo. Waliosimamia ziara walikuwa mameneja wawili wanaoshughulika na fedha, treni na hoteli. Mbinu za uwanjani zilikuwa kichwani mwa nahodha, na nahodha akiwa hafu wa skramu, zilikuwa mikononi mwake pia.

Testi ya kwanza ilichezwa Sydney mwezi Juni, Waingereza wakashinda 22–3, kipigo ambacho wenyeji hawakukitegemea. Ya pili ilichezwa hapohapo Sydney, na Australia waliingia wamekasirika. Ilikuwa mechi ya kubanana. Australia waliongoza 3–0, na muda ulikuwa unakwisha. Karibu na mwisho Parkin mwenyewe akapata trai, 3–3, halafu mkwaju wa Sullivan ukaifanya 5–3. Mfululizo ukawa umekwisha kabla ya kufika Brisbane. Testi ya tatu huko Australia walishinda 21–11, lakini Ashes zilikwisha kuamuliwa.

Watu hupenda kusimulia trai ile kama bahati. Mimi siioni hivyo. Hafu aliyekaa dakika 70 na zaidi akiangalia namna ukuta wa upinzani unavyosogea kila skramu inapotoka, anajua kabisa mwanya uko wapi siku akiuhitaji.

New Zealand ndiko walikoteleza: walipoteza testi 2 za kwanza, wakashinda ya mwisho Dunedin 31–18. Wasimulizi wengi wa Kiingereza huipita sehemu hiyo haraka haraka, nasi tuiandike ilivyo.

Na 1928?

Nahodha tena, akiwa na miaka 33. Huko Brisbane Waingereza walishinda 15–12. Sydney, kwenye uwanja uliojaa tope, 8–0, Ashes zikabaki. Ya tatu Australia wakapata 21–14. Huko New Zealand safari hii Waingereza walishinda 2–1, tena kwa jasho: walipoteza ya kwanza Auckland 17–13, wakashinda Dunedin 13–5, na ya Christchurch wakaichukua kwa pointi moja, 6–5.

Kwa hiyo Parkin ndiye mchezaji wa kwanza wa raga ya 13 ya Uingereza kwenda ziara 3 za namna hiyo. Wagstaff naye aliongoza ziara 2, 1914 na 1920, lakini ya pili alipoteza Ashes. Parkin hakupoteza hata moja.

Kati ya ziara hizo mbili New Zealand walikuja Uingereza, msimu wa 1926–27, wakafungwa testi zote 3. Ziara ile ilikuwa na fujo zake: wachezaji wa New Zealand walimgomea meneja wao, na waliporudi nyumbani 7 kati yao walifungiwa maisha. Naitaja kwa sababu inaonyesha nani alikuwa na sauti katika mchezo ule na nani hakuwa nayo.

Haya, zile pauni 100 ni habari gani?

Kwanza uelewe usajili ulivyokuwa. Mchezaji akishasaini klabu, kadi yake ni mali ya klabu. Hapakuwa na mkataba wa miaka 2 au 3 unaokwisha ukawa huru, hapakuwa na wakala, hapakuwa na dirisha la usajili la kusubiri. Klabu ikikutaka, unabaki mpaka uchoke. Isipokutaka, inakuweka kwenye orodha ya wanaouzwa na kutaja bei. Bei hiyo asipopatikana wa kuilipa, unakaa nyumbani. Huwezi kuchezea wengine, hata kama klabu yako haikuchezeshi wala haikulipi.

Na bei zilikuwa zimepanda. Mwaka 1913 Hull waliilipa Hunslet pauni 600 kwa Billy Batten, watu wakashangaa. Mwaka 1921 Leeds waliilipa Hunslet hiyohiyo pauni 1,000 kwa Harold Buck, wa kwanza kufikia kiasi hicho. Fedha zote hizo zilipita juu ya kichwa cha mchezaji, kutoka klabu hadi klabu.

Mwaka 1930 Parkin alikuwa na miaka 35. Alikuwa ameitumikia Wakefield miaka 17, na msimu uliotangulia bado alikuwa ameitwa kuichezea timu ya taifa dhidi ya Australia. Wakefield walimwekea bei ya pauni 100. Ukilinganisha na elfu moja ya Buck ni kidogo, lakini kwa hafu wa miaka 35 si kila klabu ingetoa.

Parkin akazitoa mwenyewe. Alilipa pauni 100 kutoka mfukoni mwake, akaichukua kadi yake, akawa mtu asiyekuwa mali ya klabu yoyote. Kisha akaenda kusaini Hull Kingston Rovers.

Pauni 100 ya 1930 ni kiasi gani? Mchimba makaa wakati ule alipata pauni 2 na kitu kwa wiki, tena kama mgodi unafanya kazi wiki nzima, jambo ambalo katika mdororo ule wa uchumi halikuwa la hakika. Hiyo ni mishahara ya wiki zaidi ya 40. Mtu aweke kando karibu mwaka wake mzima wa jasho ili apate haki ya kuchagua mahali pa kufanyia kazi.

Chama kilifanya nini baada ya hapo?

Kilibadilisha kanuni ili mchezaji asiweze tena kununua uhamisho wake mwenyewe.

Soma sentensi hiyo mara ya pili. Chama kilichoanzishwa kwa sababu wafanyakazi walinyimwa fidia ya shilingi 6 kilikuja, miaka 35 baadaye, kufunga mlango ambao mfanyakazi mmoja alipitia. Unaweza kuelewa hofu ya wenye klabu: mchezaji akijinunua, kesho anaweza kujiuza kwa atakayempa zaidi na fedha zikabaki kwake. Klabu ndogo zilikuwa zinaishi kwa kuuza vijana. Hoja hiyo ipo na si ya kipuuzi. Lakini usiniambie ilikuwa kwa faida ya mchezaji.

Kuna wanaomsimulia Parkin kama mwanaharakati. Alichofanya ni kulipa bei iliyotajwa, na kanuni za siku hiyo hazikumkataza. Waliosumbuka ni wale waliogundua kwamba bei waliyoitaja inaweza kulipwa na mtu waliyemdhania ni bidhaa.

Hull Kingston Rovers alifanya nini?

Alicheza misimu 2, 1930 hadi 1932, akastaafu. Kituo chao kilikuwa Craven Park, mashariki mwa jiji la Hull, uwanja uliofunguliwa 1922 na ambako Oktoba 1929 Australia waliipiga Uingereza 31–8 katika testi ya kwanza ya mfululizo uliofuata. Mfululizo huo, kwa wasioujua, ulifikia sare ya 0–0 katika testi ya tatu Swinton, ikabidi ichezwe ya nne Rochdale, Uingereza wakashinda 3–0. Pointi 3 katika dakika 160.

Ukimlinganisha na wenzake wa zama zile, yuko wapi?

Inategemea unapima nini. Ukipima pointi, hakuna wa kumkaribia Jim Sullivan, beki wa Wigan. Ukipima nguvu na kuvuta watu uwanjani, Billy Batten ni jibu, na ajabu ni kwamba Batten naye aliishia Wakefield, 1924, kwa hiyo waliokwenda uwanjani Belle Vue miaka ile waliwaona wote wawili kwa tiketi moja. Ukipima klabu, Wagstaff alikuwa na Huddersfield iliyobeba makombe yote 4 msimu wa 1914–15.

Ukipima uongozi wa timu ugenini, mimi namweka Parkin juu yao wote, na sioni aibu kubishania hilo.

Ametunukiwa nini?

Mwaka 1988 raga ya 13 ya Uingereza ilipoanzisha orodha yake ya watukufu, waliochaguliwa kwanza walikuwa 9: Batten, Bevan, Boston, Murphy, Parkin, Risman, Rosenfeld, Sullivan na Wagstaff. Mwaka 1995, mchezo ulipotimiza miaka 100, posta ya Uingereza ilitoa stempu 5 za wachezaji, na waliowekwa ni Wagstaff, Risman, Sullivan, Batten na Bevan. Parkin akakosa. Mwenye kujinunua kwa pauni 100 hakupata hata stempu.

Sharlston imetoa wengine?

Wengi kupita ukubwa wake. Familia ya Fox ndiyo maarufu: Neil Fox, aliyezaliwa huko 1939, alimaliza kazi yake na pointi 6,220, ambazo hakuna aliyezifikia katika mchezo huu. Kaka yake Don ndiye aliyeukosa mkwaju wa mwisho mbele ya milingoti fainali ya Challenge Cup ya 1968, Wembley ikiwa imelowa maji, Wakefield wakafungwa na Leeds 11–10. Mgodi wa Sharlston ulifungwa 1993.

Naishi Uingereza. Naweza kwenda kuona alikochezea?

Unaweza. Wakefield Trinity bado wako Belle Vue, uwanja uleule, ingawa majukwaa yamejengwa upya. Walishuka daraja 2023, wakapanda tena, na tangu 2025 wamerudi Super League, ligi kuu ya raga ya 13. Kutoka Leeds ni treni fupi. Usiende Desemba ukitarajia mechi ya ligi: tangu 1996 msimu umehamishiwa majira ya joto, kwa hiyo tafuta ratiba kati ya Februari na Septemba, na uchukue koti hata hivyo.